Marehemu Yupo, Anapeta Ulezi

Jumapili, 9 Juni 2024

Leo redio imemuua mama yangu.

Kipindi cha nyimbo za dini, asubuhi. Niko jikoni nawasha mkaa, baridi ya kukata masikio, nasikia mtangazaji: na sasa tumsikilize marehemu Cornelia na wanakwaya wenzake katika "Pokea Ulezi Wetu". Marehemu! Kiberiti kilinidondoka. Nikapiga simu kwa mama, kijijini Msanzi — haipokelewi. Nikapiga tena. Mungu wangu! Mara mama huyo: nini wewe Bertilla, napeta ulezi, upepo wenyewe ndio huu. Nikaanza kulia. Akauliza nani kafa.

Nikamwambia: wewe.

Akanirushia Kifipa ambacho siwezi kukiandika hapa.

Jumatatu, 10 Juni 2024

Wameshafika kwake! Wanawake wa jumuiya, na unga, na kuni, na khanga wameshajifunga kiunoni tayari kwa kilio. Wamemkuta marehemu kashika ungo. Wengi wamecheka, ila mzee Felisiani, aliyewasindikiza, kakataa kabisa kurudi na maharage yake — eti chakula cha msiba hakirudi nyumbani. Basi wakapika, wakala, marehemu naye akala.

Mama anacheka kwenye simu lakini namjua. Imemuuma. Kasema: siku ya jubilei ya kwaya nisimame mbele ya watu nikiwa mzuka? Rekebisha. Si wewe mwenye kompyuta?

Ndimi. Hapa mjini, steshenari, natoa kopi, nachapa barua, naingiza nyimbo kwenye flashi za watu. Na nyimbo zote za kwaya ni mimi nitakayezikabidhi parokiani tarehe 23, siku ya jubilei. Mama atavishwa kitenge cha heshima siku hiyo, kwa sababu ya wimbo huo huo. Nitazikabidhi zikiwa safi. Hakuna mjadala.

Nimembana Timoth, fundi mitambo wa kwaya. Mtu mzima anaangalia viatu! Kumbe mwaka jana Salome alipofariki — Salome aliyekuwa akiimba bega kwa bega na mama — Timoth alitaka kumheshimu. Akaiamuru programu ya kupangia nyimbo itangulize neno Marehemu kwenye jina la mwimbaji. Akasahau kuchagua nyimbo za Salome peke yake. Programu ikafyeka kwaya nzima! Na nakala hizo hizo ndizo alizopeleka redioni. Marehemu Mwalimu Fabiani. Marehemu Anjela, ambaye juzi tu nimemwona sokoni anagombania fungu la nyanya. Nyimbo za pamoja zimeandikwa "Marehemu Wanakwaya Wote". Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikamwambia Timoth atoke dukani kabla hajawa marehemu wa kweli.

Jumatano, 12 Juni 2024

Nimelifuta lile Marehemu. Wimbo kwa wimbo, kwa mkono. Njia ya mkato ndiyo iliyotufikisha hapa. Kwenye simu yangu wote wamefufuka.

Nikaenda stendi na flashi, nikamwomba Hamis, dereva wa basi la kwenda Wampembe, aichomeke kwenye redio yake. Lahaula! Majina mengine kabisa. Wimbo mmoja unasoma "Nyimbo 04" tu. Mwingine jina limekatika katikati. Na "Pokea Ulezi Wetu" — Salome.

Si Cornelia. Salome.

Hamis kashangaa ninavyoshangaa. Dada, miaka yote ndivyo unavyosoma humu. Mimi najua ni wa Salome.

Nimerudi dukani nikachimba mpaka nikaelewa. Kila faili limebeba lebo mbili. Ya zamani imekaa mkiani, tangu siku waliporekodi. Mpya iko kichwani, ndiyo aliyoichezea Timoth. Simu zinasoma kichwa, redio za zamani zinasoma mkia. Kumbe nilikuwa naosha uso tu, shingo imebaki na tope.

Sawa. Tutaoga mwili mzima.

Ijumaa, 14 Juni 2024

Lebo za mkiani nimezilinganisha na za kichwani, zote. Umebaki wimbo mmoja, na mnajua upi. Nasema mnajua, namwambia nani? Naongea na daftari sasa.

Timoth anasema nisihangaike: lebo za zamani aliziandika jamaa wa studio, hakumjua mwanakwaya hata mmoja, alibahatisha. Na mji mzima unajua wimbo ule ni wa mama Bertilla. Nikaona kweli. Nilikuwa nimeshaandika herufi C.

Akaingia Mary, binti wa Salome, anayeuza dagaa sokoni. Hamis kashamwambia. Hakukaa. Kasema: dada Bertilla, huo ni wa mama yangu, usiuguse. Nikamjibu vibaya — kila mtu akidai wimbo mzuri ni wa mama yake tutafika wapi? Hakupandisha sauti. Kasema wewe una mama wa kumpigia simu. Mimi wangu namsikia kwenye basi la Hamis tu.

Kaondoka. Nina hasira na sijui namkasirikia nani. Nimeifuta ile C.

Kesho mama anakuja. Atasikiliza mwenyewe. Mimi sibahatishi.

Jumamosi, 15 Juni 2024

Mama kafika, sweta juu ya sweta. Stendi nzima imempa pole kwa kufa kwake, na sasa ameanza kuipenda hiyo habari, nimemwona! Nikamchomekea hedifoni zile ndogo za waya. Kafumba macho. Rudia, kasema. Nikarudia. Vidole vinapiga meza taratibu.

Kisha: ni mimi. Andika.

Nikasikiliza na mimi. Sauti ya mama nimelelewa nayo mgongoni. Akipanda juu hukwaruza kidogo kabla ya kufika. Huyu hakwaruzi. Huyu anapanda tu, laini.

Mama, una hakika?

Akaja juu. Tulipourekodi ulikuwa darasa la pili, unajua nini wewe? Watu wananijua kwa wimbo huo. Usipokuwa wangu, hicho kitenge nitavishwa cha nini?

Nimeogopa, sijawahi kumwogopa mama hivi. Na hapo hapo mlangoni — Mary. Hata dagaa hajawatua. Shikamoo mama.

Mama kamtazama. Akamtazama tena. Marahaba, mwanangu. Kasema umefanana na mama yako mpaka kusimama. Akasogea kwenye benchi. Akachomoa hedifoni ya sikio moja, akampa.

Naandika huku wamekaa mbele yangu, waya mmoja kati yao. Mary analia kimya kimya. Kwenye kioo cha kompyuta nafasi ya jina nimeifuta ikabaki tupu, kichwani na mkiani. Nimeuliza: niandike nani? Nimeuliza tena, maana kazi hii lazima iishe. Mama hanitazami.

Wimbo umefika pale pa juu. Mama kafungua mdomo, kama anataka kuimba. Kaufunga. Kamshika Mary mkono.

"Rudisha mwanzo," kaniambia. "Mtoto hajamsikia vizuri."