Funguo za gari-nyumba ziko kwangu

Buyenzi, Jumamosi jioni. Mvua imekatika lakini mifereji bado inapiga kelele, na matope yamefika mpaka mlangoni. Joto halijapungua hata kidogo. Nina chai ya tangawizi mkononi na roho yangu haijatulia.

Naandika sasa hivi, kabla ya isha, kwa sababu nikingoja mpaka kesho nitaanza kujitetea.

Nina wivu. Si wivu wa mwanamke. Angekuwa mwanamke ningejua la kufanya, mi ni mtoto wa Buyenzi. Ninalionea wivu gari.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mume wangu, Baba Rehema, ni fundi magari, kama nusu ya wanaume wa mtaa huu. Mi nakaanga chapati na sambusa barazani, nawauzia haohao mafundi. Mwaka jana mama mmoja, Mama Konsolata, mjane aliyefanya kazi Ubelgiji miaka mingi, alileta gari-nyumba. Lilikuja kwa meli mpaka Dar, halafu kwa barabara mpaka hapa mjini kwetu Buja. Ndani lina kitanda, jiko na choo. Ubavuni lina chumba kidogo kinachotoka nje ukibonyeza kitufe, kama droo ya kabati, ili sebule ipanuke. Yeye mwenyewe huja kiangazi, akalizungusha nchi nzima akilala humo, kisha anarudi Ulaya kwa wajukuu zake. Msimu wa mvua gari linabaki kwenye kiwanja nyuma ya nyumba yetu, na Baba Rehema ndiye mlezi wake.

Mlezi. Ndilo neno analolitumia mwenyewe.

Akishaswali alfajiri anakwenda kuliona kabla hajanywa chai. Analala uvunguni na tochi akitafuta kutu, maana ziwa liko karibu na unyevu wa huku hauna likizo. Akikuta doa analisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, anapaka rangi ya kuzuia kutu, anasubiri ikauke, anapaka tena. Halafu anakuja kwenye mipira. Kuna mipira inayoizunguka ile droo ili maji yasiingie. Anaipapasa yote kwa kidole, kona hadi kona, taratibu, amefumba macho. Kila baada ya siku chache anaitoa droo nje ili mipira isigande, anaifuta, anairudisha.

Paa letu linavuja juu ya kabati la vyombo tangu mwezi wa mfungo. Nimetega sufuria.

Simu yake imejaa picha za mipira. Kila jioni anamtumia Mama Konsolata, naye anajibu kwa sauti, nasikia nikiwa jikoni: "Merci, fundi wangu." Fundi wangu. Picha yangu ya mwisho kwenye ile simu ni ya siku ya Idi, na hata hapo kichwa kimekatwa.

Mashoga zangu wananitania kwamba nimeletewa mke mwenza mwenye magurudumu. Nacheka nao, halafu chapati inayofuata naiunguza.

Sasa ya leo.

Asubuhi aliitoa droo ipate hewa, akaacha mlango wa gari bila kuutia ufunguo, akaondoka kwenda Mutakura kumsaidia mwenzake na lori lililokufa gia. Alasiri wingu jeusi likashuka kutoka milimani. Simu ikalia.

"Mama Rehema, funga droo. Lakini apana kufunga haraka. Panda ngazi kwanza, ufagie majani kule juu, jani moja likiingia linakata mupira. Ufute mupira na kitambaa kikavu. Halafu bonyeza kitufe, usikiachie mpaka kinyamaze."

Akarudia yote tangu mwanzo. Akaniuliza kama nimeelewa, akanielekeza kitambaa kilipo. Sikumbuki mara ya mwisho aliongea na mimi kwenye simu kwa urefu ule. Mi huwa ananipigia kuuliza kama kuna chakula.

Nikamwambia sawa. Nikakaa palepale.

Niseme ukweli wangu hapa, kwa sababu kwingine sitausema: nilitaka linyeshewe. Nilikuwa na chapati kwenye kikaango, nikazimaliza zote, nikazifunika, nikafuta meza iliyokuwa safi. Nilikuwa naliwaza lile godoro la Mama Konsolata likilowa. Nilikuwa naona raha. Lakini tone la kwanza lilipopiga bati nikamwona akilini Baba Rehema na ile sura aliyokuwa nayo siku tunamzika baba yake, nikavua kandambili na kukimbia.

Nilipanda ngazi, nikafagia majani ya mparachichi, mvua ikanikuta hukohuko juu. Nikashuka, nikaanza kufuta mipira kama nilivyoagizwa. Nilipofika kwenye mpira wa chini nikasikia harufu ya jikoni kwangu.

Mawese.

Mi naishi na mawese, siwezi kukosea. Huku kwetu kukiwa na harusi mafundi wanapaka mawese kwenye matairi ya gari la bibi harusi ili yang'ae. Baba Rehema amefanya hivyo tangu akiwa kijana, na anasifiwa. Basi aliona mipira inakauka, akaipa mawese, tena kwa mapenzi yote. Lakini tairi la harusi linang'aa siku moja, kesho yake linaoshwa. Hii mipira imekaa na mafuta wiki baada ya wiki, imevimba, imelegea, na panya wameifuata kama wanavyofuata chungu. Kona ya chini, upande wa ndani ambao yeye haupapasi, wameitafuna, vidole vyangu vinapita. Nikaingia ndani, zulia limelowa, na si kwa mvua ya leo, lina ukungu. Nikalifunua. Reli ya chuma inayobeba droo imeliwa na kutu, inabanduka magamba. Siku zote tochi yake inamulika uvunguni, na kutu ilikuwa imejilalia chini ya zulia.

Nilifunga droo. Kile kitufe sikukiachia mpaka kikanyamaza. Nikatandika pale penye tundu mataulo yetu, yale mazuri ya wageni.

Ningepaswa kumwonea huruma. Nilichosikia moyoni ni furaha. Nikajisemea, haya, angalia sasa mpenzi wako anavyooza mikononi mwako.

Sijakauka vizuri, simu ikalia tena. Mama Konsolata. Baba Rehema alikuwa hapatikani, akaamua kunipigia mimi, akanisalimia.

"Bite, Mama Rehema? Nasikia mvua ni kali huko. Mipira yangu iko bien?"

Nilikuwa na jibu rahisi kabisa. Ngoja fundi arudi, mama, atakueleza mwenyewe. Ningesema hivyo leo ningekuwa nakunywa chai yangu na mume wangu. Badala yake nilimweleza kila kitu, mawese, panya, ukungu, reli, kwa sauti tamu ya mtu mwenye masikitiko. Nikaongeza, "Maskini, hakujua." Hilo maskini ndilo linalonichoma kuliko mengine yote.

 

"Funguo zikae kwako we," akasema. "Yeye asiguse tena mpaka mi nikuje na mipira mipya. We uioshe na sabuni mafuta yatoke, uikaushe, uipake poudre ya watoto. Umwambie mi ndiye nimesema."

Nilipokata simu nilikuwa natabasamu, peke yangu, na nguo zinadondosha maji.

Baba Rehema amerudi baada ya magharibi, amelowa begani na mgongoni. Hakuingia ndani, alipitia kwenye gari kwanza. Nilisikia mlango wake ukifunguka. Alipoingia alikuwa ameshika kipande cha mpira kilichotafunwa. Nikamwambia yote, pamoja na maneno ya Mama Konsolata. Nilijiandaa kwa makelele, nilikuwa na majibu yangu tayari, ya paa, ya simu, ya picha ya Idi.

Hakupiga kelele.

"We ndiye ulimuambia?"

"Aliuliza."

"Ungeniambia mi kwanza, Mama Rehema. Mi ni bwana yako."

Akatoa funguo mfukoni. Akazifuta kwa shati lake, upande ulio mkavu, akaziweka mezani kando ya chapati. 

Hajala. Amekaa barazani kwenye kigoda changu cha kukaangia, mikono iko magotini, haina cha kufuta. Fundi mwenzake amepita, amemsalimia, hakuitikia, na Baba Rehema si mtu wa kuacha salamu ya mtu. Nimempelekea chai. Nilipoiweka chini aliniangalia, akaniangalia kwelikweli, usoni. Mwaka mzima nilikuwa nataka mtu huyu aniangalie hivyo. Nikarudi ndani haraka.

Kesho asubuhi nitaiosha ile mipira kwa sabuni kama nilivyoambiwa. Sijui nimwite tuioshe pamoja, au nikimwita ndiyo nitakuwa namdhalilisha mara ya pili. Sijui nimpigie Mama Konsolata nimwambie arudishe maneno yake, au hilo nalo limeshapita.

Nilidhani nikimtoa kwa lile gari atarudi kwangu. Kwa gari ametoka. Kwangu hajafika.