Njia ya Hiliki

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Hashil Nadir Ghadir
Umri: Miaka 68
Dini: Muislamu
Kazi: Mfanyabiashara wa viungo mstaafu, sasa mkulima wa minazi, Mwera, Pangani
Makazi: Makorora, Tanga
Mahali: Kituo cha Polisi, Wilaya ya Muheza
Tarehe: 21/11/2024, kuanzia saa 4:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kusema kweli. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa. Tarehe 16/11/2024 niliandikisha maelezo hapa hapa kituoni kuhusu kuumia kwa rafiki yangu Zabron. Siku ile nilisema, "Sisi tulimfuata kiongozi." Nilisema uongo.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha mazoezi cha wazee wa Makorora na Mabawa. Tuko sita. Mwenye sukari yumo, mwenye presha yumo, na daktari ametuambia tutembee. Zabron ana miaka 70, ni Mlutheri wa Mabawa, fundi mstaafu wa mashine za mkonge. Tumejuana miaka arobaini na moja.

Mwezi wa kumi alitujia binti aitwaye Imakulata Asheri, miaka 26, anayesomea kuongoza vikundi vya watembeaji milimani. Alisema amebakiza mtihani mmoja tu wa mwisho: kuongoza kikundi kutwa nzima, huku mkufunzi anafuata nyuma bila kusema neno, ila pakiwa na hatari. Mwaka jana aliufanya akafeli, na akifeli mara ya pili hapewi cheti maisha. Aliomba tuwe kikundi chake. Tukakubali, nami nikajiona namfanyia hisani kubwa.

Jumamosi mbili alikuja mazoezini kwetu. Aliandika kwenye daftari dawa anazokunywa kila mtu na saa za kuzinywa. Alikagua viatu vyetu kimoja kimoja. Makubadhi yangu aliyakataa. Nikamwambia, "Bibi wee, haya yamefika Maka." Akacheka, akasema, "Yalifika kwa ndege, babu. Huku yatakutelezesha." Nikanunua raba. Nasema haya ijulikane kwamba binti yule si mzembe.

Mnamo tarehe 16/11/2024, saa 3:00 asubuhi, tulianza kupanda kutoka inapoishia barabara ya magari, kijiji cha Kwemtindi. Tulikuwa wanane: sisi wazee sita, Imakulata mbele, na mkufunzi wake Hosea nyuma kabisa. Kabla hatujaondoka Imakulata alitusimamisha, akasema, "Wazee wangu, naomba radhi mapema. Tukishaanza kupanda, neno la njia ni langu. Nikisema tugeuke, tunageuka. Tukirudi hapa chini nitakuwa tena mjukuu wenu." Bi Saleha, mwanamke pekee kikundini mwetu, alimpigia kigelegele. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasema, "Haya, kiongozi, tumekubali." Niliahidi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Safari ilikuwa nzuri. Alitupumzisha kila nusu saa, anatuhesabu, anamkumbusha Zabron dawa yake. Saa 6:20 mchana, tukiwa bado hatujafika kileleni, mvua ikaanza. Tulikuwa penye njia panda. Imakulata akasema tugeuke, turudi tulikotoka.

Hapo nikaiona njia ya kushoto. Miaka ya themanini nilikuwa nikinunua hiliki katika vijiji vya juu kule, na wapagazi wangu walishuka na magunia kwa njia ile. Nilikuwa kijana, naipita mara mbili kwa wiki. Nikawaambia wenzangu kwamba hii ndiyo njia ya hiliki, nusu saa tuko chini, ya nini kurudi masaa matatu kwenye matope?

Imakulata akasema, "Samahani, babu. Njia hiyo sijaikagua. Siwezi kuwapitisha watu mahali ambapo mwenyewe sijapita."

Nikasema, "Mimi nimepita hapa kabla mamako hajavunja ungo. Wewe ndo wa kunionesha mimi milima hii?" Bi Saleha akasema, "We Hashil, ulimi huo!" Sikumjali.

Imakulata akaenda akasimama katikati ya njia ile. Akasema, "Babu, uliniahidi." Nikamsogeza kwa fimbo yangu. Sikumpiga. Nilimgusa begani nikamsukuma pembeni, kama mtu anavyosogeza pazia apite. Naye akasogea, kwa kuwa amelelewa akaleleka. Nikapita, na wenzangu wakanifuata kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wao. Hosea, mtu mzima wa miaka kama arobaini, alifungua mdomo, akanitazama mvi zangu, akaufunga.

Baada ya muda kidogo nilisikia mtu anakimbia. Alikuwa Imakulata. Alitupita sote akashika tena nafasi ya mbele. Nilimsikia akimwambia Bi Saleha, "Siwezi kuwaacha mwende peke yenu, bibi."

Sasa nasema jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu Turkiya. Baada ya kama dakika kumi nilijua kwamba njia ile siijui tena. Palipokuwa na kibanda changu cha kupimia hiliki niliona miti minene kuliko mimi. Njia ilikuwa inafifia kwenye majani, na mimi naelekeza kwa fimbo kama mwenye shamba. Imakulata akageuka, akaniuliza kwa adabu, "Babu, ndiyo yenyewe?" Nikamjibu, "Ndiyo yenyewe. Songa."

Afande, naomba hayo yaandikwe neno kwa neno. Ningesema "sijui", tungerudi nyuma dakika kumi tu, na leo Zabron angekuwa kwake anakunywa chai. Niliona haya. Baba yake binti alikuwa mkata mkonge, nami ni Hashil bin Nadir ambaye magunia yake yalijulikana mpaka bandarini. Niliona haya kumwambia mtoto wa mkata mkonge kwamba nimepotea. Najuta, na majuto haya nitakwenda nayo kaburini.

Saa 7:05 mchana tulifika kwenye kijito. Zamani palikuwa na gogo la kuvukia. Halikuwepo, na ukingo ulikuwa udongo uliolowa. Imakulata alitandaza mikono akasema mtu asisogee, atajaribu yeye kwanza. Zabron alikuwa amesimama ubavuni kwangu, hakuvunja amri yoyote. Udongo ulikatika chini ya miguu yake akaporomoka mpaka kwenye mawe. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Mimi nilikaa chini. Aliyeteremka ni Imakulata. Alimpima mapigo, akamzungumzisha, akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Kisha akainua uso, akasema, "Babu, naomba fimbo." Aliifunga ile fimbo kwenye mguu wa Zabron kwa kanga ya Bi Saleha. Alimtuma Hosea apande juu kutafuta mtandao wa simu. Sisi wengine alituketisha tukiegemeana tusipate baridi, akampa tende yule mwenye sukari, sukari isimshuke. Vijana wa Kwemtindi walifika na machela saa 9:15. Tulitoka barabarani saa 11:40 jioni. Pale pale kwenye mvua alituhesabu tena. Tulikuwa wanane.

Hapa kituoni tuliulizwa nani alichagua njia. Wenzangu walitazama sakafu, wakasema tulikuwa na kiongozi. Hosea alisema mwanafunzi alibadili njia. Imakulata alisema, "Mimi ndiye kiongozi. Uamuzi ni wangu." Mimi nikasema yale niliyosema, nikatia saini.

Tarehe 19/11/2024, saa 10:00 jioni, nilikwenda hospitali kumtazama Zabron. Paja limevunjika, na daktari anasema kama atatembea itakuwa kwa magongo. Zabron alinishika mkono akasema, "Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Polisi walipokuja kuniuliza nimekustiri." Nikamwambia, "Umenistiri kwa nguo ya mtoto wa watu, Zabron." Akageukia ukutani.

Jana nilimpigia simu mkufunzi Hosea, nikamweleza yote. Akasema, "Mzee, kwa polisi utamsaidia. Lakini kwenye mtihani bado amefeli. Kiongozi ni yule anayeweza kumzuia mtu kama wewe. Ndicho tunachokipima." Nikamuuliza, "Na wewe uliyefumba mdomo, nani alikupima?" Nikamwambia, basi kama lazima kuna aliyefeli, aandike jina langu.

Leo nimefika kituoni saa 3:50 asubuhi. Imakulata alikuwa kwenye benchi hapo nje, ameitwa kwa habari ya shitaka la uzembe, na daftari lake la dawa liko mapajani. Aliponiona alisimama, akasema, "Shikamoo, babu," akanipisha mahali pake. Sikuitikia. Wala sikukaa. Ningependa anitukane, ingekuwa nafuu kwangu.

Aliyechagua njia ni mimi. Aliyeulizwa akasema "ndiyo yenyewe", hali anajua siyo, ni mimi. Imakulata alikataa kwa maneno, akakataa kwa mwili wake. Naomba nakala ya karatasi hii ifike na kwa wanaompa cheti.

Nimesomewa yote niliyosema. Ni yangu, na yale ya tarehe 16 nayakana.

Sahihi ya shahidi: Hashil N. Ghadir

KUMBUKUMBU YA MWANDISHI WA MAELEZO

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Beatrisi, kama shahidi alivyoyatamka. Yamemalizika saa 5:35 asubuhi. Nilimwonya kuwa kukana maelezo yake ya awali kunaweza kumfanya ashitakiwe yeye. Alisema hilo analijua tangu alipotoka nyumbani.

Aliomba maelezo yasomwe mbele ya Imakulata Asheri. Nikamweleza kuwa utaratibu hauruhusu. Akatoka nje. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona amesimama mbele ya benchi, akasema, "Marahaba." Binti alisimama tena kumpisha. Shahidi hakusogea. Alisema, "Nitakaa ukiniambia."

Binti akasema, "Kaa, babu."

Akakaa.