Nyuki wa Kunyunyizia

Jumamosi, 6 Julai 2024

Salaam, daftari langu. Hujambo? Kurasa zako hazijambo, panya hawajakufikia? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umechafuka.

Nimetoka gulioni Ng'ambo. Gulio la mwezi, la wakulima na mafundi – siku hizi ni jalala lenye wateja. Mchicha umemwagwa chini, pembeni mbuzi wanajisaidia. Mama ntilie anaosha sahani zote kwenye beseni moja, maji yamekuwa mazito kama mchuzi. Muuza maandazi kapenga kamasi, kajifuta kwenye suruali, kaendelea kuhudumia. Na watu wananunua! Nimeziba pua kwa kanga mpaka nikaona aibu.

Meza yetu ya akina mama wa kanisa, wengi wetu wajane, ipo palepale chini ya turubai, na asali yetu ya nyuki wadogo kutoka Sikonge. Chupa safi, kibandiko kina msalaba mdogo. Apolinaria analeta, mimi nauza. Ndiye mwenyekiti wetu. Ndiye shoga yangu, aliyelala kwangu matanga yote nilipomzika mume wangu, baba Valentino.

Jirani wa meza ni Ndahani, Mgogo muuza vibuyu. Mtani wetu. Kila mwezi tunatukanana mpaka wateja wanasahau kilichowaleta. Leo kaanza kwamba Wanyamwezi tumezoea kubeba mizigo ya watu, nani katupa ruhusa ya kuuza. Nikamjibu Mgogo akinyamaza ujue anapanga namna ya kuomba. Akachovya kidole kwenye chupa ya kuonjea, akalamba, akapaza sauti:

"Jamani Wanyamwezi, nyuki wenu siku hizi wanakwenda dukani kununua sukari?"

Watu hoi. Apolinaria alicheka kuliko wote, akampiga na kanga, akamwambia ulimi wake umezoea ubuyu. Lakini Ndahani hakucheka. Mtani akishakutukana hucheka, ndiyo alama yake. Yeye alifuta kidole kwenye gunia, taratibu, kama mtu aliyeshika uchafu. Akageukia vibuyu vyake.

Wakati huo Bi Khole alishanunua chupa akaondoka. Bibi wa Kiarabu wa mjini, mteja wangu wa miaka. Aliungua mguu kwa chai ya moto, anapaka asali kwenye kidonda. Anasema hanunui kwa mwingine.

Jumapili, 7 Julai

Nimeonja chupa niliyorudi nayo. Tamu – tamu ya kijinga. Haina ule uchachu wa nyuki wadogo, haikwaruzi koo. Inanuka sukari iliyoungua.

Baada ya ibada nikawauliza wenzangu, je, kama Ndahani alisema kweli? Wakacheka. Mama Emilian akataka kujua tangu lini maneno ya mtani yakachukuliwa. Ni kweli. Mtani akikuita mchawi, humshitaki. Basi akikuita mwongo, nani atachunguza?

Chai ya kanisani sikuinywa.

Jumatano, 10 Julai

Bwana, nisafishe macho.

Nilikwenda kwa Apolinaria kurudisha ndoo yake ya asali. Kaenda mashineni kusaga. Mlango wa jiko wazi, nikasema niiweke ndani. Juu ya mafiga sufuria kubwa, sukari guru imeyeyuka humo, nyeusi, inanata mpaka kwenye majivu. Mende anaelea, miguu juu. Masega makavu yamevunjwavunjwa ndani yake, ili asali ionekane imekamuliwa leo.

Na kopo la maziwa ya unga. Nikalifungua. Nyuki wafu! Wakavu, wengine hawana vichwa. Anawanyunyizia juu, kama iliki kwenye chai.

Sasa naelewa. Mteja akiona bawa kwenye chupa husema, hii ndiyo yenyewe. Na mimi nilikuwa naitikia. Wala si nyuki wadogo wale! Ni nyuki wakubwa, wa kuuma. Kibandiko kinasema wadogo, ndani kuna wakubwa. Mimi niliyekulia Sikonge, mwana wa mrina asali, nilikuwa naangalia msalaba, siangalii nyuki.

Nimetapika nyuma ya banda la kuku.

Alhamisi, 11 Julai

Nimefunga, namuuliza Bwana niseme au ninyamaze. Mate bado yananijaa, natema tu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemfuata Ndahani kwake Ng'ambo. Nikamwomba aje aseme mbele ya akina mama, bila utani. Alinikaribisha kiti, akakisugua kwanza. Hakuniita mpagazi hata mara moja. Hapo nikaanza kuogopa.

"Mama Valentino, mimi hata nikilia watasema natania," akasema. "Ndiyo maana niliweza kusema. Wewe si mtani wa Apolinaria."

Jumanne, 23 Julai

Apolinaria kaja, kasikia naumwa. Kaleta mchuzi wa kuku. Sikuweza kuutia mdomoni – nilikuwa naangalia kucha zake.

Nikamwambia nyuki wa kwenye chupa ni wakubwa.

Hakukana. Akavuta kigoda, akaniambia moto ulipita msituni ukala mizinga yetu mingi mwaka jana. Tokea hapo alikuwa anaongezea sukari kidogo tu. Halafu kidogo kikazidi. Je, angetangaza kikundi kimekufa, wajane wasambae? Na sukari, akauliza, imemuua nani? Nikamtajia mguu wa Bi Khole. Akakunja kanga yake, akakunjua.

"Kamwambie basi," akasema. "Ila aliyempa chupa mkononi ni wewe, Recheli. Mimi hanijui."

Kaondoka, kaacha bakuli. Mchuzi nimempa mbwa. Mbwa kala.

Ijumaa, 2 Agosti

Naandika chumbani, nimesimama. Abdulnasser, mtoto wa kiume wa Bi Khole, yupo sebuleni. Kaja na pikipiki toka mjini. Kanipa shikamoo mpaka kainama. Mama yake anasalimia sana, asali imekwisha, anaomba nyingine, hawezi kungoja gulio la kesho. Kidonda hakijafunga. Kimeanza kutoa harufu, na asubuhi wakifungua bandeji wanakuta sisimizi. Daktari kamwambia aache kupaka. Mama kakataa, anasema asali ya Mama Valentino haijawahi kumwangusha.

Sisimizi! Ndani ya mguu wa mtu mzima anayeniamini!

Angenitukana ningepumua. Nimesema ngoja nikatafute chupa. Hakuna chupa huku. Kuna kitanda, daftari na mimi.

Sasa hodi. Apolinaria. Kaleta ndoo ya asali ya gulio la kesho. Nawasikia wanasalimiana, wanaulizana za nyumbani. Abdulnasser anamweleza kilichomleta. Halafu sauti ya shoga yangu, laini kama kanisani, inamwambia mbona asali ipo, mpya kabisa, achukue tu, ni sadaka.

"Mama Valentino," kijana ananiita, "nichukue hii? Ni hiyohiyo yako?"

Nikisema neno moja, hakuna atakayecheka. Mimi si mtani wa mtu hapa.

Nasikia kifuniko cha ndoo kinafunguliwa. Bwana wangu, nimekuuliza tangu Julai. Naomba unijibu mapema.