Nilimshinda Mjane wa Kaka Yangu kwa Karatasi ya Kaka Yangu

Kalemie, tarehe 4 Machi 1991

Kwa Mama Marceline, wa ukurasa wa ushauri,

Mama, nakusalimu kwa heshima na ninakuomba unisome hadi mwisho, hata kama katikati utanichukia. Kaka yangu Hubert alitutoka mwezi wa kwanza kwa homa ya siku chache tu, na mpaka leo nikisikia mtu anapulizia miwani yake kabla ya kuifuta ninageuka nikidhani ni yeye.

Hubert alikuwa karani katika proje moja ya uvuvi ambayo sasa imefungwa, na pale bironi, ofisini kwao, kulikuwa na ordinateri moja, ile kompyuta, na fundi wa kigeni aliyeileta alimfundisha mambo mawili, kuitumia na kucheza poka. Kaka akayaunganisha. Baada ya kazi alikuwa akiniita nimsomee namba naye akiziandika, mpaka mashine ikatoa jedwali kubwa kwenye karatasi ile yenye matundu pembeni, mistari ya karata ulizo nazo mkononi, safu za wale unaocheza nao, na katika kila chumba neno moja: sukuma, au tupa. Maana katika mashindano ya poka, Mama, kila mtu anaanza na mafungu sawa, anayemaliza ya kwake anainuka, na kiingilio kinapanda kila mzunguko, kwa hiyo mara nyingi inabidi uamue kusukuma vyote ulivyo navyo kwa mkupuo mmoja na kusema "Tapi!" Kaka alikuwa akiniambia, "Siyo moyo unaosema tapi, Isidore, ni hesabu. Moyo unangoja karata nzuri, na ukingoja unaliwa kidogo kidogo." Na hesabu yake ilianza na swali moja: huyu aliye mbele yako, ukimsukuma, atatupa karata mara ngapi?

Safu ya mwisho ilikuwa na herufi D. Ilikuwa ya mchezaji anayetupa karibu kila mara. D ni Denise, mke wake. Jioni walicheza barazani kwa maharagwe ya jikoni, na mimi ndiye niliyeandika alama kila alipotupa. Denise hakuwa mjinga wa karata, hakupenda tu kupoteza kitu. Hubert alimcheka akimwita kwa jina la mtoto wao, "Mama Claudine, ni maharagwe tu!" naye akajibu, "Maharagwe tu? Kesho utakula karata?" Tulicheka sana jioni zile.

Sasa Mama, aibu yangu ni hii. Siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu vilipogawanywa, nguo na baiskeli havikuleta maneno, lakini moteri ya mtumbwi ilileta, kila mtu alikuwa na sababu yake, sauti zikapanda, na chini ya hema wanaume walikuwa bado wanacheza karata kama inavyofanyika kwenye matanga yetu, ndipo baba yetu mkubwa, Papa Mwamba, akasema kwa kuchoka, "Hubert alipenda karata. Basi karata ziamue." Watu wakacheka, na kicheko kile kikawa neno la ukoo. Tukaketi watano. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuhesabia tulitumia maharagwe ya matanga, konzi sawa kwa kila mtu. Papa Mwamba akamwita Denise kutoka jikoni, "Na Mama wa watoto akae, wasiseme kesho tulimunyima." Akaja na mikono bado ina majivu, akaifuta kwenye kitambaa chake, akakaa.

Mimi nilikuwa na kitabu cha nyimbo juu ya goti, na ndani yake karatasi ya kaka.

Kwa nini niliitaka moteri ile? Mama, mimi nauza chumvi na petroli sokoni, na tangu utoto watu wananiita mubeba-mufuko wa Hubert. Nilitaka nami niitwe mwenye moteri. Ni hilo tu.

Jedwali lilisema kweli. Wale wanne waliinuka mmoja baada ya mwingine, tukabaki mimi na Denise. Nikafungua safu ya D. Nilisukuma yote bila kuwa na kitu mkononi, akatupa. Nikasukuma tena, akatupa, na safari ile alizigeuza karata zake tuone, alikuwa na wafalme wawili. Vijana wakapiga kelele, "Papa Isidore ana moyo!" Nikasukuma tena. Kiingilio kikammaliza mpaka akabaki na maharagwe ya kujaza kiganja, akayaweka yote bila kunitazama, na nane zangu mbili zikamshinda.

Alianza kukusanya maharagwe yote, kwa sababu yalikuwa ya chakula cha jioni. Alipofika kwangu alinyoosha mkono karibu na goti langu, na ukingo wenye matundu ulikuwa umetoka kidogo kwenye kitabu. Aliuona. Nilijua ameuona kwa sababu mkono ulisimama. Watu wote walikuwa pale, Papa Mwamba alikuwa pale, neno moja lingetosha. Akasema polepole, mimi peke yangu nikisikia, "Papa mudogo, ile karatasi usiiache inyeshewe na mvua. Ile njo kazi ya Papa ya watoto." Akarudi jikoni. Jioni tukaletewa maharagwe yale kwenye sahani. Nilikula.

Sasa mtumbwi wa kaka umelala mchangani, na Denise anaanikia watu wengine dagaa wao apate kikapu cha kupeleka nyumbani. Moteri iko kwa Papa Mwamba, ambaye atanikabidhi mbele ya ukoo Jumapili ya Matawi baada ya misa. Nimejiambia kwamba karata hazikuwa na alama, na hakuna aliyekataza karatasi. Nimejiambia pia kwamba ninaweza kuichukua na kumpa shemeji dagaa kila juma, au kuirudisha kimya kimya bila mtu kujua sababu. Nikimaliza kujiambia, siwezi kulala. Nifanye nini, Mama? Unikumbuke katika sala zako, na kaka yangu pia.

Isidore

JIBU

Papa Isidore,

Pole kwa kufiwa na kaka. Ninaitanguliza pole hiyo kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu yanayofuata si matamu. Nimeomba barua yako ipite mbele ya nyingine, maana Jumapili ya Matawi haitatungoja.

Najua unajiuliza kama hesabu ni dhambi. Sivyo. Kaka yako alikuwa na akili, na wanaume wale wanne uliowashinda wasinijie hapa kulalamika: walikuja kucheza, wakachezwa. Lakini jedwali lile, kwa jinsi ulivyonieleza, linadhani kila aliyeketi amekuja kwa hiari yake. Denise aliitwa kutoka jikoni. Ninyi mlikuwa mnatafuta moteri, yeye alikuwa anachezea chakula cha watoto, na mkampa maharagwe sawasawa na yenu mkasema ni haki. Papa Mwamba naye asikie, kama anasomewa ukurasa huu: karata za matanga ni za kupitisha muda na machozi. Si za kugawa kilichoachwa na baba wa watoto. Watoto wapo, wana majina, na wao ndio wa kwanza.

Na wewe umefanya zaidi yao. Ulichukua kicheko cha mke na mume barazani, ulichokiandika kwa mkono wako mwenyewe, ukakitumia kumnyang'anya. Ulijua anaogopa nini, kwa sababu walikuamini uketi karibu.

Unataka kumpa dagaa kila juma. Dagaa waliovuliwa kwa moteri yake, halafu akwambie asante? Futa wazo hilo. Kurudisha kimya kimya nako sikukubali. Ukiiacha moteri uani kwake, ukoo utasema mjane amemroga shemeji yake au kuna jambo kati yenu, na utakuwa umemtwisha mzigo wa pili.

Usidhani alinyamaza kwa kuwa hakuelewa. Alikuwa na nafasi mbili tu: aseme, na watoto wapoteze baba yao mdogo siku ileile waliyomaliza kumlilia baba yao, au anyamaze na kupoteza moteri. Akaisukuma moteri. Mwanamke uliyemhesabu kuwa mwoga aliweka yote, Isidore, mara moja, kwa ajili yako, na katika safu yako ya D hakuna chumba cha jambo hilo.

Fanya hivi. Jumamosi nenda kwa Papa Mwamba mchana, ukiwa umekula, bila pombe, umweleze kila kitu, asije naye akaaibika mbele ya watu bila kujua. Jumapili akiliita jina lako, simama, useme kwa maneno machache: nilikuwa na karatasi kwenye kitabu cha nyimbo, nilimdanganya mke wa kaka, moteri ni ya watoto. Usimtaje shetani. Shetani hakukufungulia kitabu. Watu watacheka, na yule aliyesema una moyo atacheka kuliko wote. Mwache. Kisha uibebe moteri begani mpaka kwenye mtumbwi, wewe mwenyewe, umeshazoea kubeba vitu vya Hubert na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Karatasi mpe Denise mkononi. Si kwa ajili ya poka. Kila alama iliyo nyuma ya hesabu ile ni jioni moja aliyokaa na mume wake, na hana picha nyingi, nadhani.

Halafu muulize kama anahitaji mtu wa kumletea petroli kwa bei ya kununulia. Akisema hapana, nenda nyumbani, usimsumbue kwa toba yako kila asubuhi. Akikuita, nenda haraka.

Mimi pia ni mjane, na nyumba yangu haiko mbali na maji. Asubuhi mtakapoiwasha moteri ile kwa mara ya kwanza, nitaisikia. Mwambie Mama Claudine kuna mtu anayemsikiliza akipita, na mnikumbuke.

Mama Marceline