Wanasema Nafuga Vinyonga

Mama Devotha wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu ni mbaya, maana naandikia jikoni nimefunga mlango, na kila nikisikia mtu anapita nje naificha karatasi kwenye debe la unga.

Mimi ni mwanamke wa ziwani, kwetu ni Liuli, nimeolewa huku juu milimani upande wa Mkumbi na Mmatengo mmoja anayeitwa Protasi, mkulima wa kahawa na mahindi, mtu mpole ambaye hajawahi kunipiga, na tumejaliwa mtoto mmoja, Otilia, yuko darasa la tano, wengine Mungu aliwachukua wakiwa wachanga. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi ya bustani kwa masista, na huko ndiko nilikopata ugonjwa wa kupenda maua, kwa hiyo nilipoolewa nilianza kupanda mbele ya nyumba, kwanza waridi moja tu nililopewa kwenye kopo, halafu dalia, halafu yale maua marefu ya rangi ya machungwa, nikazungusha ua wa michongoma ili mbuzi wasiingie, na mama mkwe alipokuwa hai alikuwa akipita ananiuliza, "Hayo mtakula lini?" lakini alikuwa anacheka, na Jumapili yeye ndiye aliyekuwa anayachuma kupeleka altareni.

Furaha yangu mimi, Mama, ni kukaa kidogo kwenye kigoda asubuhi nikishateka maji, kabla ya kushika jembe, nikiwaangalia chozi, wale ndege wadogo wanaong'aa wenye mdomo uliopinda, wanavyoning'inia kwenye maua na kugombana kama watu wa bombani, na jioni nawaangalia vinyonga waliojaa kwenye ule ua wa michongoma. Najua watu wengi wanamwogopa kinyonga, hata mimi nilikuwa namwogopa, lakini ukimwangalia kila siku unamzoea, unaona jinsi anavyorusha ulimi kumnasa nzi, na jinsi jike anavyoshuka chini na kuchimba shimo atage mayai halafu anafukia taratibu kwa miguu ya nyuma na kuondoka bila kugeuka. Hiyo ndiyo sinema yangu, Mama Devotha, mimi sina redio.

Jirani yetu ni shemeji yangu Mansuetus, kaka yake Protasi, na mkewe Walburga, nao walikuwa na binti mdogo, Flavia, hata shule alikuwa hajaanza, mtoto mwenye maswali mengi kuliko padre wa kipaimara, kila jioni alikuwa anakuja kukaa nami na kuniuliza kwa nini kinyonga hana masikio, kwa nini anatembea kama mgonjwa, na mwezi wa pili huu siku moja akaomba amshike, nikamwekea kidoleni mimi mwenyewe kwa mkono wangu, akacheka, akamrudisha, akaenda kwao kula. Siku chache baadaye Flavia akapata homa.

Walimpeleka zahanati wakakuta dawa hakuna, siku hizi ndivyo ilivyo, unaandikiwa cheti ukanunue mwenyewe kwenye duka la dawa mjini Mbinga, na wakati wanajishauri nani aende mtoto akaanza kukakamaa na kugeuza macho, shemeji akasema hii ni degedege, na degedege haipigwi sindano, ukipiga sindano unaua, wakamfukiza majani na kumwogesha dawa za kienyeji. Nilimwambia Walburga, "Mama Flavia, mtoto anaungua, mpeleke hospitali," akaniambia, "Niache, wewe hujui mambo ya huku." Walipokuja kukubali walimfunga mgongoni kwa baba yake kwenye baiskeli, na mvua ilikuwa imeharibu barabara, mtoto akafia njiani.

Kwenye mazishi nilikuwa nalia kama wengine, ndipo bibi mmoja wa ukoo akasema kwa sauti, "Anayelia sana ndiye aliyemshikisha mtoto mdudu," na Walburga akanijia akanitemea mate usoni mbele ya jeneza. Tangu siku hiyo sijapata amani. Otilia shuleni hakuna anayekaa naye dawati moja. Wanasema watoto wangu wale wachanga niliwatoa kafara mimi, wanasema nimekuja na mambo ya ziwani, wanasema nafuga vinyonga nawatuma. Nimekuta kinyonga amepigwa msumari kwenye mlango wangu, akiwa bado anahema.

Halafu Mansuetus akaleta mganga kutoka mbali, akakaa barazani kwao, na nikaitwa. Shemeji akasema, "Shemeji, sisi hatukufukuzi. Utanyolewa, utakunywa dawa mbele ya watu, utang'oa hayo majani yako, basi, yaishe." Nilipokwenda kwa balozi wa nyumba kumi akaniambia, "Mambo ya ukoo malizaneni wenyewe." Nilimtegemea mume wangu, na Protasi akaniambia, "Kubali tu, mama Otilia. Nywele zinaota." Nikamwuliza, "Na mwingine akifa, watanyoa nini?" Akachukua jembe lake akaenda shamba.

Mganga ameahidi kurudi Pasaka ikipita. Dada yangu Winifrida yuko Mbamba Bay, ningeweza kukimbilia kwake, lakini nikikimbia watasema nimekiri, na Protasi anasema mtoto ni wa ukoo, sitaondoka naye. Nikibaki nikanyolewa, nitakuwa mchawi aliyethibitishwa. Nimefikiria hata kung'oa maua yote kwa mkono wangu, nilianza na waridi moja, mikono ikakataa. Na jambo linaloniogopesha zaidi, Mama, ambalo sijamwambia hata padre, ni kwamba nikiamka asubuhi nimeanza kujiuliza, labda ni kweli. Labda kulikuwa na kitu kwenye kile kidole. Nisaidie.

Mama Otilia, Mkumbi

*

Marahaba, mwanangu.

Jibu hili sikusubiri gazeti. Nimelinakili na kumpa mtu anayepanda Mbinga, akuletee mkononi kupitia parokiani, maana gazeti letu likifika huko mnafungia vitumbua na wewe huna muda huo. Nalichapisha sasa kwa idhini yako, kwa sababu hauko peke yako, na majina yenu tumeyabadilisha.

Naanza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokuua mapema kuliko mganga. Kinyonga hana sumu. Hang'ati mtoto akaugua homa, wala hana kitu cha kumpaka mtu kidoleni. Flavia aliugua malaria, ikampanda kichwani, na hiyo mnayoiita degedege ndiyo malaria yenyewe. Aliuawa na homa, na zahanati isiyo na dawa, na watu wazima waliokaa kufukiza majani wakati mtoto anaungua. Wewe ndiye pekee uliyesema apelekwe hospitali. Sasa kila ukiamka na hilo swali lako, jikumbushe hivyo, na kama halitoki, kamwambie padre. Mambo ya namna hiyo mtu hayabebi peke yake.

La pili nitakugombeza. Wamepigilia mdudu msumari mlangoni mwako, na wewe umekaa unahesabu nini watasema ukiondoka! Watasema. Waache waseme. Huku Songea nimewahi kukaa na mwanamke aliyebaki ili kuonyesha kwamba hana hatia, na nilikaa naye wodini, sitakueleza alivyokuwa. Mtu asiye na hatia naye anaungua nyumba ikichomwa. Usinyolewe. Usinywe chochote cha yule mganga, hata tone, hata wakikuambia ni maji. Watu wamekufa kwa dawa hizo halafu kifo chao kikaitwa ushahidi.

Na maua usiyang'oe. Sisemi hivyo kwa kuyapenda. Ukiyang'oa utakuwa umewaambia kwamba walikuwa na haki ya kuyaogopa. Yaache pale, uende. Mwanamke kukaa kwenye kigoda chake akatazama ndege si kosa, mbele ya Mungu wala mbele ya serikali. Umelima, umepika, umezaa, umezika. Hiyo dakika ya asubuhi ni yako.

Sasa sikiliza cha kufanya. Ondoka mchana, siku ya watu wengi barabarani, Jumapili ya Matawi inafaa, na uende na Otilia. Usiage. Ukifika Mbinga usipitilize, ingia kituo cha polisi uandikishe kila kitu: msumari, mganga, maneno ya shemeji yako, jina la balozi. Kumtaja mtu kuwa mchawi na kumtisha ni kosa la kisheria, wasikudanganye kwamba ni mambo ya ukoo. Polisi wakizungusha, rudi parokiani umwombe padre aende nawe. Ndipo ushuke Mbamba Bay kwa dada yako.

Na wewe Protasi, najua maneno haya utayasikia. Mpole ni mtu anayezuia ugomvi. Wewe umeshika jembe ukaenda shamba wakati mkeo anapangiwa kifo. Kwa hilo neno lingine lipo, nalihifadhi kwa sababu gazeti hili linasomwa na watoto.

*

Mama Devotha, shikamoo tena.

Nakushukuru, karatasi yako niliipata, na niliondoka Jumapili ya Matawi kama ulivyosema, nikiwa na Otilia na furushi moja, na nikakuta Protasi amesimama njiani, nikajua yameisha, lakini alilichukua furushi kichwani akanisindikiza mpaka barabarani, akampa Otilia mahindi ya kuchoma, gari likaja, hakupanda. Polisi waliandika maelezo, padre alikuwepo. Nasikia yule mganga aliitwa kituoni akapotea. Lakini Pasaka ilipopita walifyeka bustani yote na kuichoma moto pamoja na ule ua, nasikia vinyonga walikuwa wanaanguka mmoja mmoja, sitaki kuandika zaidi.

Ninachoandikia leo ni kingine. Baada ya mimi kuondoka, mjukuu wa balozi akafa, kwa homa ile ile. Mimi sikuwepo, maua hayakuwepo, mdudu hakuwepo. Wakatafuta mtu mwingine, wakamwona Walburga, wakasema nilimwachia mambo yangu nilipoondoka, ndiyo maana alikuwa wa kwanza kunijia usoni pale mazishini, yaani yale mate aliyonitemea wakayageuza, wakasema alikuwa anapokea uchawi. Mansuetus, mume wake mwenyewe, akamtolea vitu nje.

Juzi mchana nilikuwa naanika dagaa wa dada yangu, nikaona mwanamke amesimama kwenye jua, ana mtoto mgongoni, miguu imepasuka. Sikumtambua. Akasema, "Mama Otilia, sina pa kwenda." Nilisimama, Mama, na ndoo mkononi, na sikumkaribisha, nilitaka asimame pale mpaka jua lizame. Halafu mtoto mgongoni akakohoa. Ni mdogo wake Flavia, wa kunyonya. Nikamgusa, alikuwa wa moto. Walburga akaanza kusema, "Huko nyumbani wamesema nimfukizie..." nikamfungua kitenge cha kubebea, nikamtoa mtoto mgongoni kwake, nikaanza kukimbia naye, na yeye akinifuata nyuma akilia.

Wamemtundikia dripu ya kwinini. Bado yumo hospitali, hajafumbua macho vizuri, ila leo amenyonya. Walburga analala chini ya kitanda chake. Mimi ndiye ninayepeleka uji asubuhi na jioni, naweka bakuli, naondoka, sijamwambia neno hata moja, na yeye hajathubutu kuniangalia. Kila nikimwona nasikia yale mate. Dada Winifrida anasema nimsamehe au nimfukuze, kwamba hivi ninavyofanya ni kumtesa. Nifanye lipi?

*

Mwanangu, dada yako ana haraka. Hakuna aliyekudai msamaha wiki hii. Hasira kaa nayo, ni yako, umeigharamia. Uji endelea kupeleka, na uwe wa moto.

Mtoto akitoka hospitali, hata kama hamjasemezana, panda na Walburga mpaka Mbinga, kituo kile kile, naye aandikishe ya kwake, na aseme kwa kinywa chake Flavia aliugua nini, aliugua siku gani na nani alizuia asipelekwe hospitali. Hayo ndiyo anayodaiwa na wewe na ndiyo anayodaiwa na marehemu binti yake. Akishasema, ndipo utajua kama una neno la kumwambia. Kama huna, mpangie chumba kwingine.

Protasi, hakuna tena bustani ya kuogopa wala ya kulinda huko nyumbani kwako. Magari ya kushuka Mbamba Bay yanapita Mbinga mjini. Safari hii, panda.