Mashine ya Mama Haipo Tena Kwenye Kona

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
9 Julai

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, bado wanagombania kitanda cha juu? Goti lako je? Uliandika kwamba linakusumbua unapopanda ngazi za pale kazini. Likande kwa maji ya moto na uache ubishi.

Sisi huku wazima. Wifi yako kanenepa na anakataa. Mimi presha imeshuka, usingizi ninaupata, na tangu nistaafu nimejifunza kupika uji usio na madonge. Paa la jikoni limezibwa, kwa hiyo lile beseni ulilozoea kulikwepa katikati ya sakafu halipo.

Sasa nikutolee ya moyoni, maana nimezunguka vya kutosha. Mashine ya mama ya kushonea haipo tena kwenye kona. Nimeigawa. Najua uliniomba nikutunzie mpaka utakaporudi, na najua nilikuahidi. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unamkumbuka jirani yetu mshonaji, tunayemwita Mama Pazia? Mwezi wa nne karakana aliyokuwa akishonea ilifungwa, mwenye karakana akachukua mashine zake zote, na Mama Pazia alikuwa bado na mapazia ya zahanati mkononi. Akaja kuazima ya mama. Unanijua. Miaka thelathini nilikuwa mtunza stoo, kazi yangu kuwaambia watu "hakuna" huku rafu zimejaa nyuma yangu. Si bure mliniita Mkono wa Birika tangu utotoni. Nikampa kwa wiki mbili, tena nikamtilisha sahihi: mashine moja, kifuniko kimoja, sindano tatu. Wifi yako aliona haya akaingia chumbani.

Wiki mbili zilipokwisha, siku ileile saa tatu asubuhi, nilikodi mkokoteni nikaenda kuichukua. Nikamkuta dirishani anashona, amekalia ndoo, wateja wawili wamekaa mkekani wanasubiri. Aliponiona hakulalamika. Alikata uzi, akaipangusa mashine, akaitia mafuta, akaifunika. Sindano tatu akazifunga kwenye karatasi, kama tulivyoandikishana. Pembeni kulikuwa na gauni la mtu, mkono mmoja umeshonwa, wa pili unaning'inia kwa pini.

Huo mkono wa pili ndio ulionishinda. Yule wa mkokoteni akauliza kutoka mlangoni, "Mzee, tunapakia?"

Sijui ulimi uliniponyokaje. "Tunapakia nini? Nimekuja kumuuliza mama huyu kama anahitaji na kiti chake."

Mama Pazia akautazama mkokoteni, akanitazama na mimi. "Kiti?"

"Kiti cha mashine. Utashonaje umekalia ndoo? Mashine ni yako, mama. Ikae hapahapa."

Basi, mdogo wangu, nikarudi nyumbani na mkokoteni mtupu, nikapakia kile kiti cha mama chenye mto, nikakipeleka. Nilikwenda kuchukua kimoja nikaishia kutoa viwili! Wifi yako alicheka hadi akakaa chini. Mimi mwenyewe nilicheka peke yangu njia nzima, watu wananiangalia. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho moyo wangu ulikuwa mwepesi hivyo. Miaka yote ile nilidhani raha ni kufunga mlango wa stoo jioni na kila kitu kimo.

Siku hizi nikipita pale dirishani naisikia inakwenda, sauti ileile tuliyokuwa tukilala nayo utotoni, nami husimama kidogo. Kwangu ilikaa kimya miaka sita chini ya kitambaa. Nina furaha, sitakuficha. Ila haijakamilika, kwa sababu nusu ya mashine ilikuwa yako na sikukuuliza. Unisamehe.

Kuna na jambo jingine. Bado inaruka mshono, kila baada ya shibiri moja, kama zamani. Unakumbuka mama hakutaka itengenezwe, alisema ndivyo anavyozijua nguo zake. Sasa wateja wa Mama Pazia wameanza kulalamika, na fundi yuko tayari kuirekebisha. Ulimi uliniwasha nimkataze. Nikaumeza, maana siwezi kumpa mtu kitu kisha nikabaki nimekishika mkia. Nimemwomba tu asubiri jibu lako. Ukisema irudi, nitaifuata mwenyewe na aibu nitaibeba mimi.

Nisalimie sana shemeji na wapwa zangu wote. Wifi yako anakusalimu, na shangazi anauliza kama ile picha ya familia umeipata. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na hilo goti alipe akili.

Kabla hujaandika jibu, fungua kifurushi kilichokuja na barua hii. Ni foronya, Mama Pazia amekushonea kwenye mashine ileile. Igeuze ndani nje, upitishe kidole polepole kwenye upindo. Utaufikia mshono wa mama. Huo ni wako, na fundi hataugusa.

Kaka yako akupendaye,
Mkono wa Birika
(ingawa nasikia mtaani wananitafutia jina jingine)