Viti Thelathini vya Mbao ya Mpira

Jumatatu, 1 Septemba

Randa tangu asubuhi. Mbao ya mpira inaikubali randa vizuri. Rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai. Ina harufu chachu kidogo. Gundi inashika. Msumari unaipasua usipotoboa kwanza, basi natoboa kwanza.

Viti thelathini vya Mama Goreth, mwalimu wa watoto wadogo hapa Cibitoke. Watoto wake wanakaa juu ya sementi. Mbao nyekundu ya libuyu, kwa bei yake, asingeiweza. Hii ameiweza.

Baba hataki kusikia habari za mbao hii.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempelekea Baba kipande. Macho yake yamebakiwa na mwanga tu, lakini vidole vyake vinaona. Alikipapasa, akakinusa, akanirudishia.

“Hii ni muti ya mpira. Inakuliwa na mududu. Mi siitaki mu atelye.”

Nikamweleza. Ni miti mizee isiyotoa utomvu tena, zamani ilikuwa kuni tu. Siku hizi inapasuliwa, inasukumiwa dawa ya boroni ndani ya pipa la chuma, kisha inakaushwa kwenye tanuru. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema jina lililoandikwa mlangoni mwa atelye, karakana yetu, ni lake.

Nimekasirika. Ndiye aliyenipa randa nikiwa na miaka tisa, wajomba wakicheka kwamba mtoto wa kike hawezi useremala. Nampenda na ananichosha.

Jumamosi, 6 Septemba

Viti ishirini na vinne vimesimama. Hakuna kinachoyumba. Nimekalia kimoja, magoti yakanifika kifuani. Nimecheka peke yangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Unga.

Chini ya viti viwili, laini kama unga wa muhogo. Kwenye miguu kuna matundu ya ncha ya sindano. Ijumaa ndiyo siku ya kupeleka.

Nimewaza kuziba matundu kwa nta na kupaka vernisi juu. Mama Goreth asingejua. Nimewaza hivyo kwa muda mrefu mno. Naandika ili nisije nikajidanganya.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia Baba. Nilingoja aseme alinionya. Badala yake alininyoshea mkono nimwongoze mpaka atelye. Hakuwa ameingia humo tangu Ramadhani.

Alipapasa viti vyote, kimoja kimoja, mguu kwa mguu. Asubuhi yote ikaisha. Alitenga sita.

“Hizi zinatoka mu mbao mbili tu,” alisema. “Zile zingine ni nzima. Enda uwaulize wenye kuziuza walizifanya nini.”

Nilitaka kumbusu mikono. Nikamletea chai.

Jumatano, 10 Septemba

Depo nilikonunua mbao, mtaani kwenye kartiye ya viwanda. Nilibeba mguu mzima na mguu wenye unga. Fundi wa dawa, Dieudonné, alikata ncha za yote miwili, akadondoshea maji ya manjano aliyochanganya na asidi. Mguu mzima ukageuka mwekundu hadi moyoni, ndiyo alama ya boroni. Ule mwingine ukabaki njano.

Kisha akakubali. Kuna mbao zilizotoka bandarini zikaingia kwenye rundo bila kupita kwenye pipa. Kosa lao. Ameona haya kweli, shingo ilimwinama. Amenipa nyingine, akazipima zote mbele yangu. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.

Basi si mbao iliyonidanganya.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwambia Mama Goreth ukweli wote, hata ile nta. Nikaomba anivumilie hadi Jumatatu. Nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka.

“Unaniambia kitu singejua,” alisema. “Basi nitangoja.”

Mchana tumechoma vile viti sita nyuma ya nyumba, wadudu wasihamie kwingine. Baba alisimama karibu nami, mkono wake begani kwangu, hadi vikawa majivu.

Jumamosi, 13 Septemba

Sita vipya badala ya vilivyochomwa, na vile sita nilivyokuwa sijaviunda. Mgongo unauma. Nina furaha.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumepeleka thelathini. Nimemsisitizia Mama Goreth: viwe vya ndani tu, visilale kwenye mvua, dawa hii huoshwa na maji. Aliandika kwenye daftari lake. Kasichana kamoja kaliburuta kiti chake hadi ukutani, kakakaa kakitupa mgongo sote. Hakakutaka kuhama.

Jumatano, 17 Septemba

Baba amekuja atelye mwenyewe, akishika ukuta. Ameomba msasa na ubao. Nikampa ule wa mpira. Akausugua pande zote mbili.

“Hii haichomi vidole,” alisema baadaye.

Alipomaliza akaninyoshea mkono apewe mwingine. Nimemsogezea kigoda mlangoni, jua la asubuhi limpige magotini. Tumefanya kazi hadi adhuhuri, tukiongea kidogo tu.